Meno ya Komando

Jumatano, 9 Septemba 1992
Baba ameleta mtoto wa mbwa. Mwezi uliopita wezi walimbebea cherehani, sasa anataka mlinzi wa nyumba. Amempa jina Komando. Tumbo lake kama mpira! Nimlee mimi. Baba amesema shule imekwisha, nina kazi gani nyingine? Kweli. Miaka minane, halafu jina langu halimo kwenye orodha ya wanaoendelea. La Athanasie, rafiki yangu wa darasani, limo. Hesabu nilikuwa namfundisha mimi.

Jumatatu, 14 Septemba
Ananiuma! Mikono, visigino, pindo la gauni. Meno kama pini za Baba za kushonea. Bibi naye ananisimamia: mate ya mbwa ni najisi, nguo ifuliwe mara saba, moja kwa udongo. Leo magauni mawili — mara kumi na nne. Nilimpiga kofi puani. Akadhani mchezo, akazidisha.
Athanasie ameenda bweni na godoro jipya. Hakuja kuniaga.

Ijumaa, 18 Septemba
Nimekumbuka kitu. Siku nilipoenda na Baba kumchukua kule Niboye, ndugu zake walikuwa wanacheza. Mmoja akauma sana, mwenzake akalia "kai!" akaondoka. Mchezo ukaisha. Basi leo aliponiuma nikalia vilevile — kwa sauti ndogo, naona haya — nikampa mgongo. Nikahesabu mpaka thelathini, nikarudi. Akauma. Nikalia tena. Siku nzima hivyo. Nimemsukia na kamba ya vipande vya kitenge, atafune hiyo.

Jumapili, 4 Oktoba
Siku nne bila damu! Anashika kidole changu kama mtu aliyebeba yai. Sijamwambia mtu. Nani anauliza? Lakini hili nimelifaulu.

Jumamosi, 24 Oktoba
Baba alitaka kumjaribu. Akamwomba jirani yetu Munyaneza aruke ua kama mwizi. Mafundi wake wa cherehani wakaacha kushona, wakaja kutazama. Komando akamkimbilia — kumpelekea kamba yake! Kisha akamshika mkono polepole, kama nilivyomfundisha.
"Iko mbwa ama iko kuku?" Munyaneza alicheka mpaka akakaa chini. "Mzee, huyu atamshikia mwizi taa!"
Baba hakucheka. Akauliza nani amemfanya hivi. Nilitaka kueleza kazi yote ile. Nikasema tu, "Ni mimi, Baba."
Amesema nimemharibu, nimtengeneze. Asipouma kufikia Jumapili ya wiki ijayo, Munyaneza atamtupa porini huko Ndera. Ana miezi minne tu.

Jumanne, 27 Oktoba
Mnyororo. Pilipili kwenye chakula. Na fimbo — niishike mimi. Baba anasema akiniuma mimi, atamuuma yeyote. Nilimgusa kidogo. "Nguvu!" Baba akaita kutoka dirishani. Nikampiga kweli. Akalala chali, akanionyesha tumbo.
Nimempiga mara sita.

Alhamisi, 29 Oktoba
Hataki. Nilimwambia uma, uma mjinga wewe, wanakutupa! Akalamba fimbo.
Basi nikaenda nyuma ya jiko, nikararua mkono wa gauni langu kwa meno yangu mwenyewe. Nikampelekea Baba: ameniuma. Aligeuza ile nguo huku na huku, akawaonyesha mafundi. "Yasmina ameweza!" Hajawahi kunisifu mbele ya watu. Nikachukua sindano, nikalishona.

Ijumaa, 30 Oktoba
Bibi ameniita chumbani. Akasema, "Mjukuu wangu, gauni hilo umelishona jana hiyohiyo. Hukulifua hata mara moja."
Nikamwomba asiseme. Akavuta tasbihi yake, akaanza kuhesabu.

Jumapili, 1 Novemba
Munyaneza amekuja. Kavaa makoti mawili, anawaambia watu wamwandalie hospitali. Baba ameita majirani, ametoa mpaka viti! Amejigamba tangu Alhamisi, sasa hawezi kuonekana mwongo. Bibi amekaa karibu na mlango, hatazami mtu.
Baba amesema nikafungue mnyororo mimi, maana mimi ndiye mwalimu. Nimesema nachukua viatu. Naandika haraka, nimesimama. Anaita mara ya pili.
Mnyororo unalia huko nje, cha-cha-cha. Komando amenisikia ndani. Anatikisa mkia.