Mlango wa Kutolea Nilioacha Wazi

Bagamoyo, Jumatano, baada ya alasiri.

Mvua ilinyesha asubuhi ikaacha, na sasa jua limetoka kwa ukali hadi bati linalia. Nimekaa mezani. Mbele yangu lipo faili lililopaswa kuwa na majina kumi na tisa. Halina hata herufi moja.

Tangu nistaafu kufundisha Kiswahili ninajifunza lugha ya kompyuta iitwayo Scheme, ya ukoo wa lugha kongwe ya Lisp. Binti yangu Rukia, anayeandika programu huko Dar es Salaam, ndiye aliyenichagulia. "Baba, hii itakufaa," alisema. "Haina msamaha kwa mtu asiyefunga mabano." Ni kweli. Kila bano lililofunguliwa sharti lifungwe, la sivyo lugha inakataa kukuelewa. Nami niliwapunguzia wanafunzi alama kwa kosa hilo hilo kwa miaka mingi.

Wiki hii nimefika katika sura ya milango. Programu hailigusi faili moja kwa moja. Hufungua mlango wa kuingizia ili isome, au mlango wa kutolea ili iandike, na herufi hupita hapo moja moja. Haijali kilicho upande wa pili: faili, kibodi au kioo, kwake vyote ni mlango. Na maandishi yanapokwisha, mlango wa kuingizia hukurudishia kitu maalumu ambacho si herufi wala neno, bali ni alama tu kwamba hakuna tena. Nimefundisha matumizi ya nukta maisha yangu yote, na sikuwahi kuwaza kwamba mwisho unaweza kuwa kitu unachokabidhiwa mkononi.

Nikaona niitumie elimu hiyo kwa jambo la maana. Ijumaa tuna hitima ya ukoo, na mimi ndiye msomaji wa majina ya marehemu kabla ya dua. Dada yangu Mwanahawa, aliyeolewa Mkange, alikuja jana ili anipe majina ya upande wa huko. Hayamo katika daftari la baba, na hakuna mwingine aliye hai anayeyajua yote.

Leo asubuhi nilifungua mlango wa kutolea; yeye alitaja, mimi nikaandika, kila jina na la baba yake.

Kabla ya jina la mwisho alisema kwamba alizaa mtoto wa kike kabla ya hawa tunaowajua. Aliishi siku tisa. Alipewa jina siku ya saba, na tangu azikwe dada hajalitamka mbele ya mtu. Akalitaja. Nikaliandika.

"Tumemaliza, dada?" nikauliza.

"Orodha hii haimalizwi, Mwalimu. Umewahi kumwona baba akipiga mstari?"

Sikuwahi. Kwetu daftari la marehemu halipigwi mstari chini wala haliandikwi "mwisho". Husemwa kwamba apigaye mstari analiita jina lake mwenyewe liwe la kufuata. Siamini hayo, lakini nayafuata. Kitabu kilisema wazi kwamba mlango wa kutolea ufungwe kazi ikiisha. Nikaona kuufunga ni sawa na kupiga mstari, nikauacha wazi kwa heshima. Nikaizima kompyuta kwa kitufe, kama nizimavyo redio, nikamsindikiza dada kituoni.

Niliporudi, faili lilikuwa tupu. Nikampigia Rukia.

"Baba, uliufunga mlango?"

"Sikuufunga. Ni orodha ya marehemu."

Alicheka kidogo, akaomba radhi. Akanieleza kwamba maneno hayaendi kwenye faili papo hapo. Hukusanywa kwanza mahali pa muda, na huondoka pale panapojaa, au unapoamuru, au unapoufunga mlango.

Sikumwamini mpaka nilipojaribu. Nikaandika maneno matatu: chumvi, nazi, mkeka. Nikalitazama faili. Tupu. Nikaufunga mlango, nikatazama tena. Yamo yote matatu. Nikarudia mara nne, na nakiri kwamba mara mbili za mwisho zilikuwa za furaha tu. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba majina yamepotea.

Hapo aibu ikanishika. Nikachukua karatasi niandike ninayoyakumbuka, nikapata kumi na moja. La mtoto yule halimo.

Nililiandika kwa vidole vyangu saa tatu asubuhi, na silikumbuki.

Nakumbuka kwamba nilikagua herufi kubwa. Nakumbuka kwamba nilihesabu mabano. Dada alipokuwa akisema jambo alilolificha tangu ujana wake, mimi nilikuwa nikitazama namna linavyopita. Liliingia sikioni likatokea vidoleni.

Nikampigia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nimefika, matope tu."

"Dada, majina yamepotea. Nimekumbuka kumi na moja."

"Na la mwanangu?"

Nikamwambia kwamba halimo.

"Nilijua husikilizi," akasema. "Macho kwenye kioo, unaniitikia 'ehe, ehe' kama mtu anayepimiwa unga."

Nikamwomba alirudie.

"Kwenye simu silisemi. Hapa nyumba imejaa wakwe. Njoo kesho. Na hiyo televisheni yako iache huko huko."

Nitakwenda. Rukia amekwisha kunieleza kwamba mlango ukifungwa, siku nyingine unaweza kufunguliwa upya kwa namna ya kuongezea chini, na ya juu yakabaki salama. Basi kufunga si kupiga mstari. Nimelielewa hilo, na limenipendeza.

Lakini lipo linalonisumbua kuliko faili. Kama mlango ningeufunga vizuri, Ijumaa ningeyasoma majina yote kumi na tisa, na la mpwa wangu ningelisoma kwa matamshi safi, mama yake akisikia. Ingekuwa mara yangu ya kwanza kulisikia. Nani angejua kwamba alipolitaja sikusikiliza?

Dada angejua.

Gari la Mkange huondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nitamwomba alitaje kabla sijaitoa kalamu mfukoni.