Dada, Ulikabidhi Funguo Tu

Mpendwa dada yangu wa kazini,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ni lazima, lakini ujue nimekasirika. Wewe huko Kipili umekaa na shemeji mnakula samaki wenu migebuka na joto lenu la ziwani. Sisi huku Malangali baridi inatupiga mpaka meno yanagongana, tunafungasha sembe chini ya bosi mpya ambaye, Mungu anisamehe, sijui alitolewa wapi.

Unakumbuka siku uliyomwachia kiwanda? Ulizunguka naye kote. Hii mashine ya kukoboa, hii ya kusaga, huu mzani, hizi funguo za stoo. Akasaini, mkapeana mikono. Na sisi tumesimama pale pale, weupe kwa unga mpaka kope. Hukumwambia neno juu yetu. Kwamba Yustina miguu inamvimba, apewe kigoda. Kwamba Oswini wa mashine akinyamaza, ujue ana jambo. Ulidhani atajua mwenyewe? Hajui, dada!

Wewe ulikuwa unaingia asubuhi, hata ofisi hujafungua, unapita kwa kila mtu. "Pole na kazi, Mama Flora. Mtoto kaamkaje?" Siku ile Flora alipolazwa, nilikuja kazini macho mekundu, najikaza. Ukaninyang'anya sindano ya kushonea viroba. "Nenda kwa mwanao. Unga hauumwi." Ukashona wewe, tena vibaya, viroba vikamwaga unga mpaka kwenye gari la mteja. Tulikucheka wiki nzima. Lakini baada ya hapo, nani angethubutu kukutegea? Mimi hata kichwa kikiuma nilikuja, na wala hukunilazimisha.

Huyu bwana alirudi kutoka semina na jambo jipya. Akatukusanya uani, akasema hiyo "pole na kazi" yetu inamchosha mfanyakazi. "Pole ya nini? Kwani kazi ni msiba?" Kuanzia leo, akasema, hapa tunaambiana hongera na kazi. Akaliandika ukutani juu ya mzani kwa rangi nyekundu. Akatuletea na fulana za njano zimeandikwa NINA FURAHA KAZINI. Basi mwone Yustina na fulana yake, amekaa juu ya gunia anajikanda miguu, kigoda hakuna. Jamani! Mtu anafurahishwa kwa amri?

Tukaambiana hivyo hivyo, tufanyeje. Ulimi ukazoea. Juzi nikamwambia jirani yangu anayepalilia, "Hongera na kazi," akasimama na jembe lake akaniangalia kama nimelewa.

Sasa sikia lililotokea. Oswini alikwenda kwao Msanzi kumzika mama yake. Wote tulijua, bosi naye alijua, ruhusa si alitoa yeye? Aliporudi, bosi ndiye akawa wa kwanza kumwona mlangoni. Akampa mkono, meno yote nje, akasema, "Oswini! Karibu, hongera na kazi!"

Mtu katoka kuzika, dada! Katoka kumzika mama yake!

Oswini aliuachia ule mkono. Akavua ile fulana, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mzani, akaondoka. Mashine ikalala siku hiyo.

Niliingia ofisini bila hodi. Nilikuwa nimejiandaa kugomba mpaka nifukuzwe. Nikamwambia, "Bosi, umemwambia mfiwa hongera."  Kumbe hata hakuwa amesikia alichokisema. "Mama Flora, neno limetoka lenyewe," akasema. Si ndiyo maana nasema! Ukishampangia mtu maneno ya kusema, moyo unakwenda likizo. Wewe hukuwa na semina wala fulana. Ulikuwa unauliza, halafu unasubiri jibu. Hilo nalo la kumfundisha mtu mzima?

Jumapili baada ya misa tukaenda mimi na bosi Msanzi, alikorudi Oswini. Oswini ni fundi, watoto wanamtegemea, nikasema akiombwa vizuri atarudi. Tulimkuta barazani na baba yake. Tukamwamkia mzee. Akatujibu kwa Kifipa kwamba karibuni, japo mmechelewa. Bosi ni mtu wa Mbeya, hakuelewa, akanigeukia. Nikamtafsiria "karibuni" tu.

Bosi hakuzunguka. "Oswini, pole kwa msiba. Nilikukosea, nisamehe."

Oswini akanyamaza, wewe unaujua ukimya wake. Halafu akasema taratibu, "Pole yako nimeipokea, bosi. Lakini kazini sirudi."

Tukaletewa uji wa ulezi, tukanywa, tukaaga.

Njia nzima nilikuwa namsema moyoni, na wewe nakusema pia. Mtu kama Oswini unampata wapi tena? Tumempoteza hivi hivi, kwa sababu hakuna aliyemuuliza hali. Tulipokaribia mjini bosi akazima redio. Akauliza, macho barabarani, "Na wewe, Mama Flora? Wewe unaendeleaje?"

Dada, nilikuwa na majibu ya kumpa, tena makali, nimeyatunza tangu ulipoondoka. Badala yake nikaanza kulia. Nililia mpaka tukapitiliza kwangu, naye akaendelea kuendesha, akisubiri nimjibu.

Nisalimie shemeji. Bado nina hasira na wewe.

Mdogo wako uliyemwacha kwenye unga,
Mama Flora