Aliyeshika Suruali

Tarehe 4 Machi

Mdogo wangu,

Basi pale karatasi iliponiishia juzi nilikuwa nakwambia habari ya yule muuza dawa. Kwanza, hujambo? Kifua kimeacha kukubana? Huku wazima, mama anakula vizuri. Na wewe askari jela unayefungua barua zetu, salamu zako.

Sasa sikia. Yule mwanamke aliyeibiwa duka la dawa, aliyekunyooshea kidole kule polisi ukafungwa miaka saba, kaja kwangu kusuka nywele! Hajui mimi ni dada yako. Nikanyamaza (ndiyo, mimi!), nasuka. Akaanza mwenyewe: "Mwizi wangu nilimjua mara moja. Walipangwa wanaume wanane, yeye peke yake kashikilia suruali kwa mikono. Nikasema huyo huyo, ana wasiwasi."

Chanuo likanidondoka. Jamani! Si walikuvua mkanda mahabusu? Na wale saba si askari waliovaa kiraia, mikanda yao kiunoni? Ulitaka uiache ianguke? Halafu eti wamekuta kwako mtaimbo, kama ule uliovunja duka. Fundi seremala akutwe na nini, sindano? Siku ya wizi ulikuwa kwangu unapachika mlango. Nilimweleza mpelelezi saa nzima, akaandika mstari mmoja: "Dada hajui lolote." Loh!

Dada yako

Tarehe 19 Machi

Dada, shikamoo. Mimi mzima, kifua afadhali. Barua yako nimeisoma mara nne, nimemweleza wakili wa rufaa. Anasema huyo mama akiyasema hayo kwa kiapo, naweza kutoka. Ila nakuomba, dada yangu, nakujua: usimwambie mtu.

Mdogo wako

Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu, u mzima? Usinitukane. Nilimwambia jirani mmoja tu. Haya, wawili, na yule muuza vitambaa. Habari imemfikia muuza dawa mwenyewe, kahamia kwa msusi mwingine. Na yule mpelelezi kamtisha: akibadili maneno atashtakiwa yeye kwa uongo. Kumtafuta mwizi wa kweli hana nafasi, kuzunguka kutisha watu anayo! Nimechoka na watu hawa, na mdomo wangu pia.

Dada yako

Tarehe 30 Aprili

Mdogo wangu, samahani kwa kimya. Unalala? Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya ofisi ya wakili. Nilimfuata muuza dawa dukani, nikaomba radhi, nikamwuliza kitu kimoja tu: "Mwizi wako ana uso gani?" Akapanga vichupa, akapangua, akapanga. Sikuongeza neno, nikaondoka.

Leo kaja mwenyewe! Kanipita hapa bila salamu. Wakili kanikataza kuingia, eti nitamsaidia kuongea. Lakini mlango wao ni ubao mwembamba, nasikia yote. Anasema: "Dukani alinipa mgongo. Uso sikuuona kabisa." Karani anaandika kiapo. Anasema tena, taratibu, analia: "Uso sikuuona."

Wakili kafungua mlango. "We dada, ingia upesi, anakuita!" Ngoja