Mashini Iliyokunywa Petroli Tupu

Siku ya Ine, 1956

Niko na miaka makumi saba. Nimezika bibi wawili, nimeshinda mamba ya ziwa Mweru. Leo mashini ya bwato imekufa mukononi mwangu.

Siku nilitoa baiskeli na nyavu kwa Mugriki wa duka ili kuipata, shemeji Chola alisema: "Shemeji, uchanganye oili na petroli." Nikamujibu: "Niliendesha lori mbele hauyazaliwa!"

Leo nikatia petroli tupu, kama ya lori. Makafi niliyaacha inchi kavu, watu waone mashini.

Katikati ya ziwa ikalia, ikakauka, kamba ya kuiwasha haivutiki tena. Mimi na Chola tulirudi kwa kupiga maji na mbao za kukalia.

Chola hakunicheka. "Kesho nitakuletea kafi, shemeji."

Sisikii haya, sisikii hasira. Nimekula tu.

Watu nitawaambia Mugriki aliniuzia mashini mubovu. Ya kweli, anaijua Chola.