Miwa ya Komando

Runingu, tarehe 14 Oktoba 2024

Mpendwa Mjomba Michée,

Pokea salamu zetu sote. Je, goti la Mama Pélagie limepoa? Huku tuna afya, ila mimi nimechoka na watu wa nyumba hii.

Barua naipitisha kwa Mama Uwimana anayeleta ndakala, wale dagaa wakavu, huko Bukavu. Kwa simu, Baba angenisikia.

Ni habari ya Komando, fahali uliyempa Baba. Amewapanda ng'ombe wetu wote, tena na tena, na hakuna aliyeshika mimba. Lakini kwa kuwa ni zawadi yako, shemeji yake, hakuna anayethubutu kumshuku. Lawama ni za majike tu. Jumamosi Bahati, ndama niliyepewa kwa ubatizo wangu ambaye sasa ni mkubwa, anapelekwa kwa mchinjaji wa Luvungi, eti ni tasa!

Shuleni tulifundishwa kwamba mbegu za fahali huogelea kwa kuchoma sukari iliyo ndani ya shahawa. Nilimweleza Baba ili amwite daktari wa mifugo. Akapiga makofi, akamwita na mdogo wangu: "Sasa weye umetusaidia! Junior, kata miwa!"

Tangu hapo Komando anakula miwa asubuhi na jioni. Tumbo linamwendesha, analala tu, hata nzi hafukuzi.

Nikasema sukari ile hutengenezwa na mwili wake mwenyewe, si miwa inayoshuka moja kwa moja. Tena ikibaki nyingi bila kutumika, huenda mbegu ni chache au zimekufa. Baba akanikatiza: "Aa, mutoto! Miye nimuambie shemeji fahali yake haizalishe? Nitamuangalia na macho gani?" Na Mama, dada yako, anacheka tu. Anasema Baba mwenyewe siku hizi anajaza sukari kwenye chai.

Mjomba, ni wewe tu unayeweza kuisema vibaya zawadi yako. Tafadhali mpigie Baba kabla ya Jumamosi. Mwambie wewe ndiye unayetaka Komando apimwe, ili aibu isiwe yake. Usinitaje. Anza kwa kuuliza hali ya fahali. Atakujibu kwamba anakula vizuri sana.

Daktari akimkuta hana kosa, nitamwachia Bahati aende. Lakini nimekwisha kumsukia kamba mpya ya kumfungia hapa nyumbani.

Nisalimie Mama Pélagie na Noella. Mungu awatunze, mlale salama na kuamka salama.

Mpwa wako anayekupenda na kungoja simu ya Baba ilie,
Eliane