Ndege Yako Wameichora Meno

Mjomba Ponsiano,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ndivyo ulivyonilea, si kwa sababu nimetulia. Sijatulia hata kidogo. Tangu tukuzike pale Mpui sijapata kukaa chini nikakulilia kama mpwa anavyopaswa kumlilia mjomba wake. Kila nikijaribu, naiona ile ndege, natafuta kitu cha kupiga teke. Kwa hiyo usitegemee barua ya upole.

Wameichora meno, Mjomba. Meno meupe makubwa, midomo myekundu, na jicho la hasira kila upande wa pua, kama mnyama anayetaka kula watu. Ndege yako.

Uliniacha tumebakiza kazi ndogo tu. Edwini, yule mfanyabiashara wa kutoka Mbeya mwenye bustani ya vinywaji hapa mjini, alikuwa ameinunua kama chuma chakavu ili iwe kivutio kwa wateja wake. Kazi ya rangi akanipa mimi, fundi anayempakia magari yake. Nilikuhadithia nyumbani tukiwa tunakula, habari ya kupitisha muda tu, nawe ukabaki na tonge mkononi.

"Ina mlango mpana ubavuni, huku nyuma?" ukaniuliza.

Nikasema ndiyo. Tonge ukalirudisha kwenye sahani.

Kesho yake ulikuja na koti lako zito, upepo wa Julai unakata masikio, ukaizunguka ndege. Nilikuwa nasugua ubavu kwa msasa. Namba ya zamani ikaanza kuchomoza chini ya tabaka la rangi, nawe ukaitamka yote kabla sijaifikia nusu. Ndivyo nilivyojua. Mtu tuliyemfahamu kwa mahindi na ulezi, mtu wa jumuiya na kwaya, alikuwa mhudumu wa majeruhi ndani ya ndege ile wakati wa vita. Umenilea toka sijui kufunga kamba za viatu, na hilo nililijua kwa sababu ya msasa!

Baada ya hapo hukunipa raha. Kijani nilichokichanganya ulikikataa, ukasema hicho ni cha majani ya mgomba na wewe unataka cha nguo iliyofuliwa sana. Bendera ya mkiani upande wa kulia ulinifutisha. Nilikuwa nimeichora kama inavyochorwa kwenye daftari, ukasema upande wa mlingoti ndio unaotangulia, bendera inakwenda mbele na ndege, hairudi nyuma kama inakimbia. Halafu ule mstari wa njano kuzunguka mlango mpana. Jamani, ule mstari! Kopo baada ya kopo, na wewe unatikisa kichwa. "Si ya ndizi hiyo. Nataka ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji."

Nikachoka, nikakuuliza kwa ukali kidogo mstari wa mlangoni una nini hasa mpaka tugombane. Ukaketi juu ya ndoo ya rangi ukaniambia. Wabeba machela walikuja wakikimbia ndani ya vumbi, hawaoni kitu, na ule mstari ndio uliowaonyesha mlango ulipo. Ukanisimulia juu ya yule kijana aliyejeruhiwa tumbo. Aliomba maji safari nzima. Daktari alikuwa amekataza, nawe ukatii. Alikushika kidole gumba, akakuuliza kama kwenu mvua zimeanza. Ukamjibu zimeanza. Ndege ilipogusa ardhi, kidole chako kilikuwa bado kwenye mkono wake, lakini yeye alikuwa ameshakwenda.

Ukainuka, ukafuta suruali, ukasema, "Haya, changanya tena." Safari hiyo njano ikakubali.

Kisha kifua kikakubana, tukakupeleka hospitali, hukurudi.

Nataka nimtendee haki Edwini kabla sijamlaani. Alitoa gari lake likakubeba mpaka Mpui. Jeneza lako alilitia begani, yeye na viatu vyake vya gharama kwenye vumbi la kaburini. Alilia, na hakulia kwa kuigiza. Ndiyo maana niliporudi mjini baada ya matanga nilikwenda bustanini kwake kwa moyo mweupe, na kopo langu la njano mkononi, nimalizie mlango.

Nikakutana na meno.

Si meno tu. Chini ya dirisha la rubani walikuwa wamechora mabomu, safu juu ya safu, kama kila moja ni kijiji kilichochomwa. Bendera wameigeuza wakidhani mimi ndiye niliyekosea. Mstari wa njano wameufunika kabisa.

Edwini akanijia mikono wazi. "Dada Skola, pole tena na msiba. Umeionaje? Inatisha, eh?"

"Nani amechora huu upuuzi?"

"Vijana nimewatoa Mbeya. Usikasirike, ulikuwa msibani na uzinduzi ni Jumamosi. Wateja wanataka ndege ya vita, dada. Bila meno si ni basi tu lenye mabawa?"

Nikamwambia ndege ile haijawahi kumpiga mtu bomu. Ilikuwa inabeba majeruhi.

Akacheka kidogo, wala si kwa ubaya, akasema, "Sasa hilo nani analijua?"

Mjomba, nimetukanwa gereji kwa sababu ni mwanamke, nimeambiwa nirudi jikoni, na hakuna tusi lililowahi kuniingia kama maneno hayo. Nani analijua! Nikatoa kikwanguo mfukoni nikaanza na jino la kwanza. Nilikuwa nimelitoa nusu mlinzi aliponishika mkono. Nilitolewa nje ya geti kama mlevi, watu wanatazama.

Nikapanda gari kwenda Mpui kwa mkeo. Njiani nilikuwa najiuliza kama ni sawa kumwambia, maana mwenyewe hukumwambia. Nilipomkuta Mama Gaudensi uani na nguo zake nyeusi, akipepeta ulezi, nikajikuta nimeshamwaga yote. Mlango, machela, kijana, maji.

Akauweka ungo chini. Kuku wakaanza kudonoa ulezi, wala hakuwafukuza.

"Kumbe," akasema. "Maisha yangu yote na yeye, mtu akipita njiani anakimbia kumpelekea maji. Hata mwendawazimu. Hata aliyegombana naye. Nikawa nadhani ni ukarimu wake tu."

Halafu akauliza uzinduzi ni lini.

Jumamosi alifika bustanini mapema kuliko wageni, na kigoda chake kutoka nyumbani, mimi nyuma yake. Akakiweka chini ya pua ya ndege, chini ya yale meno, akakaa. Mlinzi yule yule aliyenitoa mimi akamsogelea, akaona nguo za msiba, akarudi nyuma. Edwini akaja mwenyewe.

"Mama, shikamoo. Karibu meza ya mbele, nimekuandalia."

"Marahaba, mwanangu. Hapa pananitosha."

Wageni walikuja na simu zao kupiga picha. Kila aliyesogea, Mama Gaudensi alimsalimia vizuri kabisa, kisha akamwambia, "Ndege hii ilikuwa inabeba watu walioumia. Mume wangu alikuwa humo ndani anawashika mikono. Haya, piga picha yako." Wengine walirudisha simu mifukoni. Wengine walipiga juu ya kichwa chake. Kijana mmoja alithubutu kusema, "Bibi, inama kidogo, unaziba meno." Nilimfuata nikiwa na nia mbaya. Mama akanikamata sketi bila hata kugeuka. "Skola, kaa. Huyo naye hajaambiwa."

Muziki ukapunguzwa. Hakuna aliyeamuru upunguzwe. Mwishowe Edwini akaja, akachuchumaa mbele ya kigoda, uso umemshuka.

"Kwa nini mzee hakuniambia mimi?" akasema. "Nilikaa naye hapa siku zote hizo. Ananiambia kijani si hiki, bendera si hivi. Hata mara moja hakusema kwa nini. Mimi nikadhani ni mambo ya wazee."

Hapo ndipo hasira yangu ilipokugeukia wewe, na nitakuambia ukweli, bado haijaondoka. Kweli, kwa nini hukumwambia? Kwa nini hukumwambia mkeo, ukamwacha alale kitanda kimoja na kijana yule wa maji, asiyemfahamu? Ulibishana na sisi juu ya njano mpaka jasho likakutoka, ukidhani rangi ikiwa sahihi itajieleza yenyewe. Rangi haisemi, Mjomba! Mimi ndiyo kazi yangu, nakuhakikishia haisemi. Ulituachia namba sahihi, bendera sahihi, na kimya kikubwa katikati. Mtu akija na brashi, anachora humo anachotaka.

Edwini akanitazama, akasema, "Futa meno. Lakini mabomu—"

"Yote," akasema Mama Gaudensi.

Edwini akainuka akijipangusa magoti. "Yote, basi." Hakuomba radhi. Mpaka leo hajaomba. Akikutana nami sokoni anajifanya anaongea na simu, na geti lake jipya amempa fundi mwingine apake rangi. Na zile picha zimeshasambaa, Mjomba, ziko kwenye simu za watu mpaka Mbeya, ndege yako ikiwa imekenua. Hizo siwezi kuzifikia na kikwanguo, na nikizifikiria usingizi unaniruka.

Asubuhi ya Jumapili nilifuta kila kitu. Mama Gaudensi alishika kopo la thina ya kuondolea rangi, akasema harufu inamuumiza kichwa, akakataa kuondoka. Nimerudisha bendera, inakwenda mbele. Mlango una mstari wake. Pua ni kijani kitupu, na wateja wanalalamika kwamba haina mvuto. Walalamike.

Sasa nisikilize, maana namaliza. Nakuahidi kwamba kila masika yakiisha nitaikagua, na hakuna brashi ya mtu mwingine itakayoigusa nikiwa hai. Lakini hiyo ni ahadi ndogo. Kubwa ni hii. Wiki iliyopita Gaudensi alipiga simu kuuliza ni kitu gani kilichomtoa mama yake nyumbani akiwa bado na nguo za msiba. Nikaanza kumsimulia, akanikatiza akasema baba yake hakuwahi kuwa vitani. Nikamwambia akae chini. Nitawaambia na wajukuu zako, na wanakwaya, na kila anayeleta gari gereji akawa na muda wa kusubiri rangi ikauke. Hukuniruhusu, najua. Sikuombi ruhusa.

Pumzika, Mjomba. Nimekukasirikia, na ni mimi ninayekupenda.

Mpwa wako,
Skola