Mtindi wa Mgogoni na Mkono Wangu

Andika, shajara: Pemba nzima haijazaa tabibu kama mimi. Skuli niliiachia Kidato cha Pili kwa huruma tu. Ningeendelea, leo madaktari wangekuwa wananibebea mkoba.

Leo Jumatano. Mvua tangu alfajiri, matope mpaka roho inachoka, na mimi nimetolewa wodini.

Mimi!

Babu yangu amelazwa hospitali ya hapa Chake kwa nimonia. Sindano zimemtoa homa, zikamwachia tumbo la kuendesha. Madaktari wakawa wanaandika tu. Nikaingia mtandaoni, nikasoma nusu ya makala, maana mwenye akili nusu humtosha. Kumbe dawa zile huua vijidudu vibaya na vizuri pamoja, na mzee aliyelazwa tumbo lake hubaki kama nyumba isiyo mlango. Vyakula vilivyochachuka huenda vikasaidia.

Vilivyochachuka! Mjomba wangu ana ng'ombe Mgogoni. Sisi mtindi tunauoga.

Nikaenda. Maziwa yakachemshwa mbele ya macho yangu, yakaganda vizuri, nikarudi na dumu kama niliyebeba kombe.

Sasa kitanda cha pili yuko Mzee Faki wa Kojani, kalazwa kwa kidonda cha mguu, naye ni wa sindano hizo hizo. Wanawe mpaka wavuke maji, hawaji kila siku. Na kwetu humlishi wako ukamwacha wa jirani anahesabu matonge. Nikawa nawalisha wote wawili: muhogo wa kuchemsha, nimeuponda kwenye mtindi. Nikamletea kijiko, akakisukuma.

"Miye si ntoto wa kulishwa chuma," akasema. "Nilishe kwa nkono, kama ntu."

Nikamlisha kwa mkono. Tukawa marafiki. Ananitania kuwa nina kidevu cha mbuzi, namtania kuwa samaki wote wa Kojani wameshukuru kulazwa kwake. Kidonda kimekauka, alikuwa aruhusiwe kesho. Ijumaa anamuozesha binti yake kitinda mimba. Yeye ndiye walii wa kumuozesha, na kila anayepita kitandani humwambia kuwa mkono wa bwana harusi ataushika mwenyewe, hamwachii mtu.

Leo asubuhi nafika, Mzee Faki ana dripu. Tumbo la kuendesha, kama la babu, limemkamata tangu usiku, hawezi hata kukaa. Daktari kasema kesho haendi popote.

Na kila mtu analitazama dumu langu.

Nilikasirika, sifichi. Nesi, Bi Rukia, akaniuliza maziwa yalichemshwa? Yalichemshwa. Nani aligandisha? Mjomba. Mbona hukutuambia? Sasa mtindi nao unaombewa ruhusa? Nikamwambia kwa heshima zote kuwa nimesoma. Akasema hagombani na mtindi wangu, hata yeye kwao wanakunywa, ila mgonjwa halishwi kitu wasichokijua wao.

Kisha akauliza kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi: "Babu yako anapojiharia, nani anamsafisha?"

Mimi, nikajibu kwa majigambo. Wajukuu wengine hutafuta simu ya kupokea.

"Halafu?"

Nikachomoa kichupa changu cha jeli ya kutakasia mikono mfukoni kama askari anayeonesha kitambulisho.

"Vijidudu vya tumbo la namna hii havifi kwa hiyo," akasema. "Ni maji na sabuni. Bomba liko mlangoni, mwanangu, unalipita kila siku."

Nikabisha. Nikabisha mpaka akaniambia nikapumzike nyumbani, aje shangazi.

Natoka, Mzee Faki akaniita kwa jicho. Akaniambia kaka yake ndiye atakayeozesha. Nikangoja anilaumu nipate cha kumjibu. Akaniuliza mtindi umebaki?

Nimejifungia nyumbani Tibirinzi, namnunia nesi, nainunia mvua, namnunia hata ng'ombe. Nimeimalizia ile makala. Nusu ya pili inaanza na sabuni.

Basi, shajara, na hili liandike, ila usilisome kwa sauti. Mtindi ulikuwa mzima. Maziwa yalichemka. Nilimsafisha babu, nikajipaka jeli, nikageukia kitanda cha pili, nikatia tonge kinywani mwa mtu aliyeuamini mkono wangu kuliko kijiko.

Sikunawa.